Moduli Inapopiga Hodi: Masomo Shirikishi Kwenye Jukwaa la Nyaraka za Kazini

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Morogoro mbele ya maafisa mafunzo na wataalamu wa TEHAMA. Wenzetu waliobanwa na majukumu wameniomba niiweke hapa nzima. Slaidi nimeziacha, kwa kuwa hazikuwa na jambo ambalo sikulisema kwa mdomo.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, maafisa mafunzo, maafisa utumishi, ndugu zangu wa TEHAMA, itifaki ikiwa imezingatiwa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo mpaka siku likufikie mezani kwako. Umetengeneza somo la kompyuta, yaani moduli, lenye sauti, vitufe vya kubofya, maswali na alama. Ofisi haina mfumo maalumu wa kufundishia, lakini ina jukwaa la kuhifadhi na kushirikiana nyaraka, kama SharePoint ya Microsoft, ambalo kila mtumishi ana akaunti yake. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuambiwa na mkuu wenu, "Si tuna SharePoint tayari? Weka somo lako humo"? Naomba mnyooshe mikono.

Naona ni karibu ukumbi mzima. Na mimi mkono wangu uko juu.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa afisa mafunzo katika kampuni moja yenye maghala mikoani, nilitengeneza somo la kujikinga na moto. Nililihangaikia wiki tatu. Lilikuwa na ramani ya ghala, kengele inayolia, na kizima moto ambacho mwanafunzi anakivuta pini kwa kipanya. Nikalichapisha, nikalipakia kwenye jukwaa letu la nyaraka, nikatuma kiungo kwa watu wote, nikaenda kunywa chai. Kabla chai haijapoa, simu ikalia. Alikuwa mtunza ghala wetu wa Mwanza, mzee wa heshima zake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwa upole, "Kijana wangu, somo lako nimelishusha na nimelifungua. Jeupe kama shuka la hospitali. Nisome nini?"

Nisome nini! Nilidhani mtandao wa Mwanza ndio mbovu. Nikabofya kiungo mwenyewe, na kompyuta yangu nayo ikakishusha kifaili kimoja kidogo, nikakifungua, nikaliona shuka lile lile.

Kwa nini? Kwa sababu somo shirikishi si faili moja. Ukilichapisha kutoka programu za kutengenezea masomo kama Articulate Storyline, Adobe Captivate au iSpring, unapata folda yenye mafaili mengi sana: ukurasa mmoja wa kuanzia, ambao kwa Storyline huitwa story.html, na nyuma yake picha, sauti na skripti zinazofanya vitufe vitii. Ukurasa ule wa kuanzia ni kama mpishi wa shughuli. Ukimchukua peke yake ukamwacha uwanjani bila sufuria, bila kuni na bila wasaidizi, hawezi kukupikia hata uji. Mzee wetu wa Mwanza alikuwa amempakua mpishi, akaacha jiko lote kwenye seva.

Sasa mtaniuliza, mbona jukwaa halikuufungua ukurasa ule pale pale ulipo, pamoja na jiko lake? Hapa ndugu zangu wa TEHAMA mtaniunga mkono. Jukwaa la nyaraka linakataa kwa makusudi. SharePoint ya mtandaoni, kwa mfano, haiziendeshi kurasa za HTML, yaani kurasa za wavuti, zilizopakiwa kwenye maktaba zake kama tovuti inavyofanya. Hulishusha faili au hukuonyesha yaliyomo bila kuziamsha skripti. Hata matoleo yaliyowekwa kwenye seva za ofisi zenyewe, tangu lile la mwaka 2010, yalikuja na mpangilio mkali unaokiambia kivinjari kisiufungue ukurasa wa aina hiyo papo hapo. Sababu yake ni nzito. Skripti inayoendeshwa ndani ya jukwaa inafanya kazi kwa jina la yule aliyeingia. Ukurasa wa somo ukiruhusiwa kuendesha skripti zake, basi na ukurasa wa mhalifu utaruhusiwa, na siku mkurugenzi wa fedha atakapoufungua, utaweza kuzisoma nyaraka zote ambazo mkurugenzi wa fedha anazisoma. Mlinzi wa getini anayewapekua wote, hata mchungaji, anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Lakini sisi hatukumwelewa mlinzi. Sisi tulitafuta uchochoro.

Uchochoro wenyewe wengi wenu mnaufahamu, na naona wengine mnacheka. Unalichukua faili la story.html, unabadilisha herufi za mwisho wa jina lake, linakuwa story.aspx, ambayo ni aina ya ukurasa ambao SharePoint inautambua kuwa wake. Kijana mmoja wa TEHAMA alitufanyia hivyo siku ya Ijumaa, somo likafunguka, kengele ikalia, kizima moto kikavutwa pini. Tulimnunulia soda. Mzee wa Mwanza alifanya mtihani akapata alama zote, na akanipigia tena kunipongeza.

Ujanja ule ulitufaa kwa muda mrefu, na ndiyo hatari yake. Uongozi ukahamisha sehemu ya kukusanyikia wakati wa moto, kwa sababu pale pa zamani, karibu na geti la nyuma, palianza kujengwa ghala jipya. Nikafungua faili langu, nikairekebisha ramani, nikachapisha upya, nikabadilisha jina kama kawaida, nikapakia. Likakataliwa. Nikajaribu tena, likakataliwa. Msimamizi wa mfumo akaenda kuifungua ruhusa ya skripti, tukashukuru, tukaahirisha kazi hadi siku ya pili; siku ya pili tukakuta ruhusa imejifunga yenyewe.

Wala haikuwa hitilafu. Microsoft ilikuwa imetangaza wazi kwamba kuanzia mwaka 2024 ruhusa ya kuongeza skripti kwenye tovuti za SharePoint ya mtandaoni, hata msimamizi akiifungua, itarudi yenyewe kwenye hali ya kufungwa ndani ya saa 24. Tangazo lilikuwepo, sisi ndio hatukulisoma. Na angalieni jambo hili kwa makini: skripti zilizokwisha kuwekwa hazikuondolewa. Somo letu la zamani liliendelea kufunguka vizuri kabisa, kengele inalia, ramani inang'aa, likiwaelekeza watu wakimbilie geti la nyuma, kwenye shimo la msingi wa jengo. Somo lililokufa kabisa lingekuwa afadhali. Hili lilikuwa hai, na hatukuweza kulisahihisha. Ilibidi kulifuta, na kwa wiki kadhaa tukafundisha moto kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, ambayo, kusema kweli, ilikuwa na ramani sahihi.

Ndugu zangu, jambo la pili ndilo lililonileta hapa hasa, kwa hiyo nitakaa nalo.

Tuseme mlinzi amekubali na somo linafunguka bila uchochoro wowote. Nani anajua kwamba fulani amelimaliza?

Mwaka mmoja alikuja mkaguzi. Alikuwa mpole, hakuwa na haraka, akaomba kitu kimoja tu: orodha ya watumishi waliomaliza somo la usalama na alama zao. Tukamwonyesha takwimu za jukwaa. Akatazama, akauliza, "Hii inaniambia nani amefungua. Nani amemaliza?" Tukakaa kimya. Kuna mhasibu mmoja alionekana kulifungua somo mara tisa. Je, ni mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote? Hapana, mtandao ulikuwa unamkatikia, na kila akirudi anaanzia mwanzo. Tukaamua kuwaomba watumishi watume picha ya kioo cha mwisho, kile kinachosema "Hongera, umefaulu". Picha zikaja kwa WhatsApp, nyingi, za kutia moyo. Mkaguzi akaziweka mbili sambamba mezani, akaniita nisogee. Zilikuwa za watumishi wawili wa idara mbili tofauti, na kwenye kona ya juu ya zote mbili saa ilisomeka 10:47 na betri asilimia 23. Hakusema neno. Alikunja tu miwani yake.

Ili kuelewa kwa nini hatukuwa na orodha, lazima tujue moduli inafanya nini inapoamka. Sisi Waswahili hatuingii nyumba ya mtu bila hodi. Moduli iliyochapishwa kwa kiwango cha SCORM, yaani kanuni za namna somo linavyozungumza na mfumo wa kufundishia, nayo ina adabu hiyo hiyo. Inapofunguka, kitu cha kwanza inachofanya ni kupiga hodi: inapanda kwenye dirisha lililoizaa, kisha dirisha lililolizaa hilo, ikitafuta kitu kinachoitwa API. Kikiitikia "karibu", mazungumzo yanaanza. Moduli inaripoti kuwa mwanafunzi ameanza, amefika kurasa fulani, amepata alama kadhaa, amemaliza, amefaulu au amefeli. Na anapoondoka katikati, inaacha alama ya mahali alipofikia, ili kesho aendelee pale pale. Anayeitikia hodi hiyo ni mfumo wa kusimamia mafunzo. Jukwaa la nyaraka halina mtu wa kuitikia. Hodi inapigwa kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Moduli inangoja, inakata tamaa, inaendelea kufundisha, na mwishoni inampongeza mwanafunzi kwa rangi zote, kisha dirisha likifungwa kila kitu kinapotea.

Adabu hii haikuzuka jana. Watu wa usafiri wa anga walikuwa na kamati yao ya mafunzo ya kompyuta, AICC, tangu mwaka 1988, kwa kuwa hawakutaka somo la rubani lililotengenezwa kwa mfumo mmoja lishindwe kufanya kazi kwenye mfumo mwingine. Mwaka 1997 serikali ya Marekani, chini ya Wizara ya Ulinzi, ikaanzisha mpango wa mafunzo ya kompyuta uitwao ADL, na humo ndimo SCORM ilimozaliwa, toleo la kwanza likitoka mwaka 2000, na toleo la 1.2 mwaka 2001. Toleo hilo la 1.2 bado linatumika hadi leo kwenye ofisi nyingi, pamoja na ufinyu wake: daftari lake la kukumbuka mahali mwanafunzi alipofikia lina nafasi ya herufi 4,096 tu. Ukitengeneza somo refu mno, lenye matawi mengi, daftari linajaa, na mwanafunzi anarudishwa nyuma bila kosa lake. Mkiona mtumishi analalamika hivyo, msimwambie kompyuta yake ina virusi.

Baadaye, mwaka 2013, kilitoka kiwango kingine, xAPI, ambacho hakihitaji dirisha mzazi. Moduli inatuma taarifa kupitia mtandao kwenye hazina maalumu ya kumbukumbu, kwa sentensi yenye mtendaji, kitenzi na kitu kilichotendwa: Asha amemaliza somo la moto. Kwa xAPI somo linaweza kukaa popote, mradi hazina ipo na kuna mtu wa kuilipia na kuitunza. Hazina isipokuwepo, tumerudi kwenye hodi isiyoitikiwa.

Kwa hiyo, kabla hamjapakia chochote, ulizaneni swali moja: je, tunahitaji rejesta? Kama somo ni la kuwakumbusha watu namna ya kujaza fomu ya likizo, rejesta ya nini? Lakini kama ni somo ambalo sheria, mkaguzi au bima atataka ushahidi wake, basi rejesta ndiyo somo lenyewe, na mahali pasipoweza kuita majina si darasa.

Jambo la tatu nitalipitia haraka, maana njaa inaanza kuonekana kwenye nyuso. Uzito. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na Tanzania tukabaki na mtandao wa kusuasua kwa siku kadhaa. Mnaikumbuka wiki ile. Lakini kwa mtumishi wa kituo cha mpakani anayesoma kwa simu na bando lake mwenyewe, kila wiki ni wiki ile. Nimewahi kufungua moduli ya mwenzetu mmoja na kukuta picha ya mkurugenzi mkuu kwenye ukurasa wa kukaribisha ikiwa na megabaiti 14, imebanwa ionekane ndogo kama stempu. Nani atamlipia mtumishi bando la kumtazama mkurugenzi? Punguzeni picha kabla ya kuziingiza, toeni sauti inayosoma neno kwa neno yaliyoandikwa, gawanyeni somo la saa nzima liwe vipande vya dakika kumi.

Haya, tufanye nini basi? Nitasema ninavyoona mimi, na anayeniona nimekosea atanisahihisha wakati wa maswali.

Kwa masomo mengi ya ofisini, hamhitaji moduli kabisa. Mnahitaji ukurasa wa kawaida wa SharePoint wenye maelezo mafupi na video ya dakika nne, na chini yake jaribio la Microsoft Forms lililowekwa kwa watu wa taasisi pekee, ambalo linarekodi jina la anayejibu na kumwaga majibu kwenye jedwali la Excel. Halina kengele wala kizima moto cha kuvutwa pini. Lakini lina majina na alama, linafunguka kwenye simu, na kulisahihisha ni kazi ya dakika tano. Mimi niliyetumia wiki tatu kuchora pini nawaambia hivyo. Nawaomba tu jedwali lile msiliache wazi kwa ofisi nzima. Alama za mtu ni taarifa zake binafsi, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi.

Pale ambapo moduli inahitajika kweli lakini rejesta haihitajiki, iwekeni kwenye hifadhi ya wavuti inayoruhusiwa kuendesha kurasa, kama vile Azure au Amazon S3, kisha ipachikeni ndani ya ukurasa wa SharePoint. Msimamizi atalazimika kuiorodhesha anwani hiyo miongoni mwa zile zinazoruhusiwa kupachikwa. Mtumishi ataiona kama iko ndani, kumbe iko nje. Kumbukeni tu kwamba msipoweka kinga nyingine, yeyote mwenye kiungo ataifungua, kwa hiyo ramani ya chumba cha fedha isiwemo. Na msitegemee kuwa ukurasa unaoipachika utasikia hodi yake, kwani kivinjari hakiruhusu kurasa za anwani mbili tofauti kuchunguliana.

Na pale rejesta inapohitajika, jengeni nyumba yenye mwenyewe. Moodle, ambayo ni mfumo wa kusimamia mafunzo, ipo tangu mwaka 2002, ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, haina ada ya leseni, na vyuo vyetu vikuu, kikiwemo cha Dar es Salaam, vimeitumia kwa miaka mingi. Unaipa kifurushi cha SCORM kama kilivyo, kikiwa kimefungwa, nayo inakifungua, inaitikia hodi na kuandika rejesta. Haina ada ya leseni, lakini msiichukulie kuwa ya bure: inataka seva, inataka nakala rudufu, na inataka mtu ambaye kazi hiyo imeandikwa kwenye majukumu yake, si kijana aliyenunuliwa soda. SharePoint ibaki kuwa baraza: kiungo cha Moodle kiwe pale pale ambapo mtumishi amezoea kuingia kila asubuhi.

Je, jukwaa la nyaraka halina kazi tena kwetu? Lina kazi moja ambayo hakuna linaloiweza kama lenyewe, na ndiyo tunayoisahau. Kampuni niliyowaambia ilikuwa na moduli nyingine, ya kupokea mzigo, iliyotengenezwa na dada mmoja hodari sana. Dada akapata kazi kwingine, akaaga, tukamfanyia keki. Miezi sita baadaye utaratibu wa kupokea mzigo ukabadilika. Tulikuwa na folda iliyochapishwa, mamia ya mafaili yenye majina yasiyosomeka. Faili chanzi, lile ambalo unalifungua kwenye programu na kuhariri, lilikuwa kwenye kompyuta mpakato aliyoirudisha, na kompyuta ile ilikuwa imekwisha kufutwa na kukabidhiwa mtu wa masoko. Nilimpigia dada yule. Alisikitika, akatafuta kwenye flashi zake, hakuwa nalo. Tukaanza upya slaidi moja baada ya nyingine, tukitazama somo la zamani upande huu wa kioo na kuchora jipya upande ule.

Faili chanzi ni waraka. Andiko la somo ni waraka. Barua ya mkuu wa usalama iliyoidhinisha yaliyomo ni waraka. Maktaba ya nyaraka inahifadhi matoleo ya awali, inaonyesha nani alibadilisha faili na lini, na haiondoki na mtu anapoaga. Huko ndiko vitu hivi vinakotakiwa kukaa. Leo mchana, kabla hamjaondoka Morogoro, mpigieni mtu mmoja ofisini mkamuulize faili chanzi la moduli inayotumika kuliko zote liko wapi. Akijibu "lipo kwenye laptopu ya fulani", mjue simu ya pili ni ya kumpigia fulani.

Ndugu Mwenyekiti, naona mkono umenyooshwa kule nyuma, na nadhani ni wa TEHAMA. Asanteni kwa kunisikiliza. Naomba nijibu swali hilo kabla ya chakula.